Kiti Kirefu cha Mbele

Hebu nisikilize kidogo, nikueleze. Juzi hapa Al Wakrah, Qatar, niliona magari mawili ya zamani ya Kimarekani yameegeshwa pamoja. Lile kuukuu zaidi lilikuwa na kiti kimoja kirefu mbele. Lile jingine, jipya kidogo, lilikuwa na viti viwili mbele, gia katikati.

Baba yangu alikuwa dereva Doha, na bosi wake alikuwa na magari kama hayo. Kila Ijumaa alimruhusu baba achukue lolote, tumfuate mama kwenye nyumba alikofanya kazi. Baba alichagua lile kuukuu lenye kiti kirefu, lisilo na kiyoyozi. Lilinuka petroli na vumbi la moto. Niliamini hatukustahili lile jipya.

Ijumaa moja, mama alipokuwa akiingia garini, niliuliza: "Baba, bosi ametukataza lenye ubaridi?"

Mama alicheka, akijifuta jasho. "Baba yako anataka kunikaanga."

"Sogea katikati, mwanangu," baba alisema. "Mama yako wiki nzima anakaa nyuma kwenye magari ya watu. Leo hakuna wa kukaa nyuma."

Sikuelewa. Nilihisi tu mabega yao, huku na huku. Sasa naelewa, na ninashukuru.

Ukienda kumchukua mtu wako kazini, mfungulie mlango wa mbele.