Mama mushonaji ameingia mu defile

Bunia, mama mushonaji wa mutaa wa Rwambuzi ametembea mu defile, maandamano ya Premier Mai, sikukuu ya wafanyakazi! Kila mwaka yeye ndiye anashonea watu wa maofisi pagne, kitenge ya sikukuu, sindano kwa midomo, akiimba na pua. Watu walipiganaga zamani juu kazi ikuwe na masaa ya kuanza na ya kumaliza, na sikukuu ikatokea pale. Yeye anashona mpaka asubuhi, halafu anabakia nyumbani wakati wengine wanatembea. Leo akabeba mashini yake kwa kichwa, akaingia mu mustari. Papa wa protokole, mwenye kupanga mustari, akamuzuia: "Mama, hapa ni ya wafanyakazi!" Mama akatosha sindano kwa midomo pole pole. "Na hiyo suruali yako, papa, ilijishona yenyewe?" Mustari muzima ukacheka. Papa akasogea, mama akapita mbele ya wakubwa, shingo wima. Mutumie na wengine hii habari, tafazali.