Aliyebeba Deni la Babake

Faiz wa Mtopanga ni fundi wa kanzu, na kwa ukaidi hana mwenzake. Mimi jirani yake, niliyemwona akitambaa, nimemgombeza na nimemlilia. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku tuliyomzika babake, Mzee Mwinyihaji, Faiz alisimama mbele ya jeneza akasema kama ilivyo ada yetu: “Mwenye kumdai baba, anijie mimi.” Sote tulidhani atakuja mwenye duka. Kumbe mzee, katika kuugua kwake, alikopa pesa za dawa kwa simu, kwa kampuni moja ya hizi ambazo ukishabonyeza tu, huchota majina yote uliyohifadhi.

Dishon, aliyeajiriwa na kampuni hiyo kufuata wadaiwa, alipopiga, Faiz alimjibu kwa heshima zote: “Deni ni langu. Roho ya maiti hufungwa na deni lake, ndugu yangu, nivumilie.” Kitanzi akajivalisha mwenyewe! Akalipa deni, likazaa adhabu. Akalipa adhabu, nayo ikazaa. Alipokwama, Dishon akaanza kumpigia kila mtu aliyekuwa kwenye simu ya marehemu. Alimpigia imamu, akawapigia wakwe, hata Bi Nadira, mamake Faiz, akiwa edani, akaambiwa mumewe alikuwa mwizi. Bi Nadira hakula siku ile. Wateja nao wakaja kuchukua vitambaa vyao hata havijakatwa.

Nikamleta mpangaji wangu Jael, karani wa wakili.

“Kaka Faiz, sheria inawakataza,” Jael alimwambia. “Hawana ruhusa kupigia watu walio kwenye simu ya mkopaji, wala kutisha, wala kutukana. Na wewe hukumdhamini. Twende tukawashtaki wanyamaze.”

“Wakinyamaza, baba atakuwa amesamehewa?”

Jael akanitazama mimi. “Hilo sheria haisemi.”

“Basi niacheni. Nimesema mbele ya jeneza.”

Akauza cherehani. Nilimshika kanzu pale mlangoni, “We Faiz, mamako atakula nini?” Akajinasua, akapita. Aliporudi alikuwa amekwisha kutuma kila senti waliyomdai. Akaketi nami barazani, akampigia Dishon, na simu ilikuwa na sauti kubwa, nikasikia yote.

“Ndugu yangu, pesa nimetuma. Nakuomba neno moja tu. Sema mmemsamehe baba.”

“Nisamehe? Mimi ni mwajiriwa tu, bosi. Na hilo deni si letu tena. Madeni sugu yote yaliuzwa kwa kampuni ingine.”

“Na hizi nilizotuma leo?”

“Ongea na hao walionunua.”

“Kina nani, wallahi? Nipe jina.”

“Sijui, bosi. Watakupigia.” Akakata.

Faiz alikuwa ameloa jasho. Ndani, Bi Nadira akaita, “Mwanangu, wamemsamehe?”

“Wamemsamehe, mama.”

Tukamsikia akimshukuru Mungu, akilia kwa furaha, kisha akaomba chakula. Faiz akaniashiria niingie nikampakulie. Nilipotoka nilimkuta palepale barazani, simu mikononi, akiiomba iite.