Fundi Poda na Oili ya Gari la Kaka

Mimi si mtu wa kuduwaa ovyo. Nimekulia nyumba ya wanaume watupu, nimeendesha magari mabovu hadi nimeyazoea, na fundi akijaribu kunibabaisha kwa maneno ya gereji namwambia aweke spana chini tuongee vizuri. Lakini kuna mama mmoja tunamwita Fundi Poda. Huyo aliniacha kinywa wazi uani kwa kaka yangu, na hadi leo nikipita mbele ya gereji yake napunguza mwendo, basi tu, kwa heshima.

Kaka alipigwa na kiharusi msimu wa mvua. Upande wa kulia ukafa ganzi na sauti ikaondoka. Hospitali walisema anasikia, tumzungumzishe, na tumpeleke mazoezi ya viungo bila kukosa. Mwanzoni tulimzungumzisha kweli. Lakini kuongea na mtu asiyejibu ni kazi, jamani. Maneno yanakuishia, na bila kujijua unaanza kuongea na wengine juu ya kichwa chake kana kwamba kiti kile hakina mtu. Wifi yangu, mkewe, alimlisha, alimwogesha, alimgeuza kitandani, kisha siku moja tukiwa jikoni akaniambia kwa sauti ya chini, "Wifi, mimi sijui kama bado yumo."

Nilimkaripia. Halafu nikatoka nje nikalia peke yangu.

Sasa na gari nalo. Ni gari la zamani, refu, lenye milango mipana ambayo hata mtu wa mguu usiokunjika anaingia bila kubebwa kama gunia. Kaka alilinunua likiwa limeshachoka, akalifufua mwenyewe kwa mikono yake. Alipougua nikawa nalishika mimi kumpeleka mazoezi, na tangu nilishike likaanza kuvuja oili. Majirani wakatania kwamba linamlilia mwenyewe. Mie sikucheka. Kila tuliposimama liliacha dimbwi jeusi, oili ikadondokea ekzosi, moshi ukaingia ndani, kaka huko nyuma anakohoa, nami natukana kimoyomoyo hadi getini kwa hospitali.

Fundi wa kwanza alilala chini, akaona matone kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, akabadili gasketi ya sampu. Likatulia kidogo, likaanza tena. Wa pili akasema ni sili ya krenki, ule mpira unaozuia oili isitoke, akafungua nusu ya injini, akaweka sili mpya. Likavujia kwingine. Wa tatu hata mikono hakuichafua. Alitikisa kichwa, akasema injini hii imekwisha, liuzeni. Wifi akalipokea neno lile kama aliyekuwa akilisubiri mlangoni. Akampigia mnunuzi wa chuma chakavu, wakakubaliana aje na winchi kulivuta.

Tuligombana, tena vibaya. Nilimwambia kuuza gari la kaka ni kusema kaka hatarudi. Akaniambia yeye ndiye anayelala naye kitanda kimoja, si mimi. Hapo alinipata. Nilichoomba ni kitu kimoja tu, kwamba kabla ya winchi aniache nimwite Fundi Poda. Akasema haya, mwite hata mganga, lakini mwenye winchi akija nisimzuie mlangoni.

Fundi Poda ni mjane, mrefu, mkavu, anavaa ovaroli juu ya gauni. Ufundi aliupata kwa marehemu mumewe, fundi wa malori, ambaye kelele za injini zilimla masikio mapema akawa haambiwi kitu akasikia. Walifanya kazi pamoja miaka mingi chini ya malori wakiongea kwa mikono: mama anamgusa mumewe bega, anamfinya kidole, wanaelewana. Jina la Poda linatokana na poda ya watoto anayonunua kopo kwa kopo. Mwenye duka humtania kwamba mtoto wake huyo haachi kunyonya, naye hujibu kwamba ana watoto wengi na wote wanajikojolea.

Alifika asubuhi na kimfuko chake. Wifi akaanza kumweleza habari ya gari, lakini yule mama akamsimamisha kwa upole na kuuliza aliyekuwa akilitunza ni nani. Tukamwonyesha kaka, kwenye kiti chake barazani. Akaenda, akainama, akamsalimu, akamwambia yeye ni fundi na anaomba ruhusa ya kufungua boneti. Wifi akanitazama. Nami nikamtazama wifi. Tukadhani mama wa watu hajui kwamba kaka haongei.

Kwanza aliiosha injini yote kwa mafuta ya taa na brashi, hata pembe ambazo mimi sikujua zipo, akaisuuza, akaiacha ikauke juani. Halafu akatoa kopo lake akainyunyizia poda hadi ikawa nyeupe pepe, na uani kwetu kukanuka kliniki ya watoto. Akawasha. Akasimama pale amefunga mikono kifuani.

Sikuwahi kuona jambo kama lile. Katika weupe ule, oili ilijichora yenyewe. Mstari mmoja mwembamba mweusi ulitokeza chini ya kifuniko cha juu, ukashuka taratibu. Mwingine ukatokea ubavuni. Mwingine tena ukatoka kwenye sili ileile mpya. Nilishika kichwa. Miezi yote ile tulikuwa tunabadili mahali oili inapodondokea, na kumbe ilikuwa inatafuta popote pa kutokea. Fundi akanionyesha kwa kidole nitazame kijiti cha kupimia oili: kilikuwa kimejiinua kwenye tundu lake bila kuguswa na mtu.

Alinieleza, nami nakueleza nilivyoelewa. Injini inapofanya kazi, ndani yake inajaa hewa, na hewa hiyo ina njia yake ya kutokea. Njia ikizibwa, hewa inasukuma oili itoke penye udhaifu wowote. Weka sili mpya kila siku, itazisukuma. Injini ile haikuwa imekwisha. Ilikuwa imebanwa pumzi. Kazi iliyobaki ni kujua imebanwa wapi, na hapo akakunja uso, kwa sababu bomba la juu, lile la kuingizia hewa, alilipuliza likapitisha vizuri, na kutafuta kwingine kungetaka kuifumua injini nzima wakati winchi iko njiani.

Wifi akasema basi, yametosha, tumwache fundi wa watu aende. Fundi Poda akafuta mikono, akarudi barazani. Akachuchumaa mbele ya kaka, akamtia kidole chake kwenye mkono wa kushoto, ule mzima.

"Bwana," akamwambia, "ndiyo unabana. Hapana unaachia. Injini yako haipumui. Kuna kitu uliziba?"

Nikaona kucha za kaka zinageuka nyeupe kwa nguvu aliyobana.

Fundi hakushtuka wala hakutugeukia. Aliendelea kumuuliza polepole, kama watu wawili waliolala chini ya lori moja. Juu? Akaachia. Mbele? Akaachia. Nyuma? Akabana. Nyuma chini, kuna bomba jingine pale? Akabana, akabana, machozi yakimtoka upande mmoja wa uso. Mimi nikakaa kwenye ngazi. Ndugu yangu alikuwa anaongea. Alikuwa anatengeneza gari lake akiwa kitini, na spana zake zilikuwa mikono ya yule mama.

Fundi alirudi kwenye gari, akazamisha mkono nyuma ya injini hadi begani, shavu limelalia ukingo wa gari, macho amefumba. Alipapasa muda mrefu. Kisha akavuta, akatoka na kitambaa kilichosokotwa na kufungwa kwa waya, kimelowa oili chapachapa.

Wifi akakichukua, akakikunjua, na sura ikambadilika. Kilikuwa nusu ya kitambaa chake cha kichwa. Akakumbuka siku moja ya mafuriko, yeye na kaka walipokuwa wanamrudisha mama yake mzazi kwake na barabara yote imefunikwa maji. Kaka alisimamisha gari, akamwomba kitambaa, akainama huko mbele ya gari kwa muda, na yeye wifi kazi yake ikawa kunung'unika kwamba kitambaa chake kizuri kinaharibiwa. Kaka aliziba bomba lile maji yasiingie kwenye injini. Wakavuka salama. Angelizibua kesho yake, lakini kesho yake hakuamka na mguu wa kusimamia. Na tangu hapo alikaa barazani anatazama mafundi wakifungua huku, wanafunga kule, akijua, na hakuna aliyemuuliza.

Tuliwasha. Fundi alikuwa amefuta na kupaka poda upya, na tukasubiri. Kijiti kikatulia kwenye tundu lake. Poda ikabaki nyeupe. Fundi Poda akaenda kwa kaka kumpa taarifa kwamba kitambaa amekitoa, kwamba gasketi ya juu atakuja kuibadili kwa sababu imeshalegea, na kwamba yeye kaka aliifunga kazi yake ile vizuri sana, lisingeingia hata tone la maji.

Baadaye wifi akavuta kigoda, akakaa mbele ya mumewe. Akaingiza kidole kwenye mkono ule wa kushoto.

"Mume wangu, tuliuze?"

Vidole vya kaka vikafunguka vyote, kimoja baada ya kingine, kiganja kikabaki wazi juu ya goti.

Wifi alikitazama kiganja kile. Akachukua simu, akampigia yule wa winchi, na maneno niliyasikia yote kutoka nilipokuwa. Alimwambia samahani kwa usumbufu, asije tena, mwenye gari amekataa.