Gogo la Mlangoni kwa Mma Seitshiro

Ilikuwa mwaka sabini na saba. Hapana, sabini na nane, maana sabini na saba nilikuwa bado machimboni Johannesburg. Niliporudi kwetu Bobirwa, mpakani na Rodesia, nilipanga chumba kwa Mma Seitshiro, mjane mnene, mcheshi, akicheka mpaka anafuta machozi.

Msichana mmoja, Nomalanga, alivuka mto kutoka Gwanda, Rodesia, akikimbia vita, mimba imeshamlemea. Mma Seitshiro akampokea, akamzalisha mtoto wa kiume, mdogo kama kifaranga. Kisha akafanya kama anavyofanyiwa mzazi yeyote kwetu: akalaza gogo mbele ya mlango. Miezi mitatu asiingie mtu mwenye miguu ya moto, yaani aliyetoka safarini au aliyelala na mwenzake, mtoto asije akadhoofika.

Lakini serikali yetu ilikuwa imeamuru kila mkimbizi apelekwe kambi ya Dukwi, mbali na mpaka. Wanajeshi wa ng'ambo ya mto walikuwa wameshachoma nyumba kijiji cha jirani, wakisema zinaficha wapiganaji. Na Dukwi ni siku nzima ndani ya lori. Mma Seitshiro alijua yule mtoto asingefika.

Koplo Kelebonye wa kituo cha polisi akaja, kofia mkononi.

"Mama, nitolee mgeni wako."

"Jana umelala wapi, mwanangu?"

"Kwangu."

"Na nani?"

"Mama!"

"Nimekuuliza, na nani?"

"Na mke wangu."

"Basi kaa hukohuko. Kalale peke yako miezi mitatu, ndipo uje kumchukua."

"Ataniua, mama!"

Tukacheka sote. Koplo akalitazama lile gogo. Hata mbuzi angeliruka. Yeye akarudi nyuma hatua moja.

"Na wale wachomaji wakija," akasema taratibu, "gogo litawazuia?"

Hapo mama hakucheka. "Mwache anenepe kidogo. Nitamleta mwenyewe."

Kila Ijumaa koplo alikuja akauliza hali akiwa uani, akaacha kopo la maziwa ya unga juu ya gogo, akaenda zake. Kituoni aliandika nini, sijui. Ilipotimia miezi mitatu, Mma Seitshiro akaondoa gogo, akambeba mtoto mgongoni, akaongozana na Nomalanga mpaka kituoni. Mtoto alikuwa na mashavu.

"Kumbe bwana mkubwa aliyenifungia mlango ni huyu!" koplo akasema, akamshika kidole.

Karani wa lori la Dukwi akaandika: Nomalanga, ametoka Gwanda, amekimbia vita. Akafika kwa mtoto, ambaye kitovu chake tulikizika uani kwa Mma Seitshiro, na hapo pia akaandika Gwanda, amekimbia vita. Lori likaondoka. Mama alisimama barabarani, khanga ya kubebea ikining'inia mgongoni, tupu.

Nilimuuliza karani siku ileile. Nikamuuliza koplo. Juzijuzi nimepita Dukwi nikamuuliza ofisa mmoja: yule mtoto alikimbia kutoka wapi?