Nilifuata Esta Kule Baraka na Kamba Mukononi

Ninyi bajukuu mutakaosoma hii, musikie vizuri, sitarudilia. Magoti inaniuma.

Esta, mutoto wa binti yangu, alinipigia simu mimi koko, bibi yake, kutoka Baraka, kule anasomea uinjinia. "Koko, naacha masomo. Ile ya kupanga mashine kwa ndiyo na hapana haingii kichwani. Ni jedwali tu, jedwali tu." Nikatwaa kamba ya mbuzi, ya kufungia matela yake, godoro ya kulalia, kwenye piki, nikaenda kumurudisha.

Asubuhi, kutoka Fizi. Njia ya kushuka ilikuwa matope. Kwenye muteremuko mwenye piki akasema, "Koko, shuka utembee kidogo." Nimelipia piki, natembea na miguu.

Muchana, Baraka. Nilikuta banafunzi kwenye kiwanja cha chuo, bamesimama mustari kama bantu ba kupokea askofu. Esta alikuwa pembeni, hakutaka kunitazama. Mwalimu wao, kijana, akanieleza: jedwali zilishinda bengi, basi anafundisha kwa njia ingine. Kila muntu ni kipande cha mashine. Anaangalia jirani yake, anainua mukono ao anaushusha. Wa mwisho ndiye taa: akiinua, imewaka.

"Tumekosa muntu mumoja, Mama. Utusaidie. Kazi yako ni kukataa: jirani akiinua, wewe unashusha. Akishusha, unainua."

"Hiyo kazi naifanya tangu niolewe."

Bakacheka. Lakini njia ilikuwa imenimaliza. Jirani alishusha mukono, na wangu ukabaki chini vilevile. Taa ilipaswa kuwaka, haikuwaka.

"Kosa iko wapi?" mwalimu akauliza.

Bote baliona, lakini nani atamunyoshea koko kidole? Mumoja akasema ni jua. Mwingine akajishitaki mwenyewe.

Esta akatoka pembeni, akaanzia kwa taa, akarudi nyuma muntu kwa muntu. "We uliona nini? Basi uko sawa." Akafika mbele yangu.

"Koko, ni wewe. Mukono wa jirani uko chini. Ulipaswa kuinua."

Nyumbani, mutoto wa kunisemesha hivyo analala bila ugali. Niliinua mukono. Jirani wa pili akainua, na mwingine, mpaka kijana murefu wa mwisho akaruka: taa imewaka!

"Na jedwali?" nikamuuliza Esta.

"Nitaziandika, Koko. Sasa najua zinasema nini."

Jioni nilirudi peke yangu, mugongo umekufa. Nilichojifunza ni hiki: darasa zima liliona kosa, na aliyelisema ni yule aliyetaka kuacha.

Nyumbani baliuliza matela iko wapi.

"Kamba mufungie mbuzi," nikaamuru. "Na Esta akipiga simu tena akilia, mumusikilize. Lakini muntu asimuambie arudi."