Mtaro Unaoelekea Jikoni kwa Gratien

Saa moja asubuhi, Gratien Niyongabo amepiga magoti ndani ya mtaro, mtaani Nyakabanda. Anagonga jiwe kwa nyundo mpaka likae, anaziba mianya kwa saruji, kisha anasogea mbele kidogo. Hatua chache mbele yake umesimama ukuta wa udongo uliochoka. Ni jiko lake.

"Kazi iko inanirudisha nyumbani," anasema, na kucheka bila furaha.

Gratien ni mwashi wa miaka hamsini. Alizaliwa Bujumbura, akaja Kigali angali kijana, na mwiko wake ndio uliolisha watoto. Tangu vita vianze kaskazini wenye kujenga wamepungua, hivyo komini, yaani serikali ya mtaa, ilipompa kibarua hiki hakuwa na ubavu wa kukikataa.

Chanzo ni nyumba mpya zilizoota juu ya kilima. Zamani mvua ilinywewa na mashamba ya viazi vitamu. Sasa inapiga mabati na kushuka kwa kishindo. Mwaka jana, 1992, komini ikatoa amri kwamba hakuna kuezeka nyumba mpya kabla mwenyewe hajachimba mfereji wa kupeleka maji ya paa lake kwenye mtaro wa mtaa. Amri nzuri, ila haikusema mtaro wenyewe uishie wapi.

Mtaro ulichimbwa kwa umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi, kila kaya ikichimba kipande cha mbele ya ua wake. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, lakini ngoma hii kila mtu aliisukuma kwa jirani. Huyu aliupinda kidogo kunusuru ua wake wa miti ya miyenzi, yule akaupinda kunusuru migomba. Kona ya mwisho ikaangukia kwa Gratien, ambaye Jumamosi hiyo alikuwa kibaruani Kibagabaga.

Mvua za Novemba ziliingia mpaka chini ya kitanda. Kitindamimba wake, Spès, aliamka godoro likielea. Hadi leo, akisikia ngurumo, binti huyo hutafuta viatu vyake kwanza.

Gratien alikwenda komini kulalamika. Akajibiwa kuwa mtaro umeshakaguliwa na kukubaliwa, kilichobaki ni kuujengea mawe. Kisha wakamuuliza, wewe si fundi?

"Niliitika tu," anasema. "Ningefanya nini, rero? Watoto iko wanakula."

Njia rahisi ipo, na mkubwa mmoja wa komini alimnong'oneza: aupinde mtaro mara moja tu zaidi, maji yateremkie kwa Nyiraneza, mjane mzee wa chumba kimoja cha matope. Nyiraneza anajua. Tangu mawe yakaribie, hushinda mlangoni akimtazama fundi.

"Papa Spès, unapitisha wapi?" anauliza asubuhi hii, kwa sauti ndogo.

"Kwangu, mukecuru."

"Na jikoni ya Mama Spès?"

"Itavunjika."

Bibi anajifuta macho kwa ncha ya kitenge, halafu anaingia ndani.

Gratien anaeleza kwamba mtaro ukinyooka katikati ya jiko utafika korongoni, na nyumba huenda ikapona. Hana hakika. Saruji ya komini inaishia ukutani, na kipande kilichobaki atakijenga kwa udongo na mawe ya kuokota bondeni. Masika hayako mbali, na udongo haujawahi kushindana na maji ukashinda.

Kilichomuuma zaidi ni kumwambia mkewe, Mukantwari. Siku tatu alikosa pa kuanzia. Jana aliporudi alikuta mafiga yameshahamishiwa nje, chini ya bati moja, chungu kikichemka juu yake.

Sasa anaweka mwiko chini, anachukua jembe na kulipiga pigo la kwanza jiko alilolijenga mwenyewe. Vumbi jeusi la masizi linamwagika mabegani.

"Naomba kitu moja tu," anasema. "Mvua ikinyesha, Spès alale. Asitafute viatu."