Kilo Moja Moja za Mwanabaraka

"Hivi mama Safia, hizo kilo moja moja unazokausha kila siku ni za kumlisha paka?"

Swali hilo aliuliza Hellen, mwenye kichanja cha jirani, asubuhi moja hapa mwaloni kwetu Ilemela, inapotia nanga mitumbwi, wanawake wote tukiwa tumeinama tunageuza dagaa. Aliyeulizwa ni Mwanabaraka, ambaye tunamwita mama Safia kwa jina la bintiye. Alikuwa amerudi jana yake kutoka Magu, hata begi la nguo hajalifungua vizuri.

"Kilo moja moja nani kasema?" akauliza.

"Kishikwambi kimesema."

Sasa kishikwambi hicho nilikuwa nimekibeba mimi, nimekifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga. Wenzangu walipocheka na mimi nikacheka, tena kwa sauti. Sikujua bado kwamba aliyemtia Mwanabaraka matatani ndiye mimi niliyekuwa nacheka.

Mwanabaraka ni mzaliwa wa Mirongo mjini, katika nyumba ya mafundi viatu. Baba yake alishona viatu, babu yake alishona viatu, na yeye mpaka leo akiona kandambili yangu imekatika hawezi kuvumilia. Ananivua mguuni nikiwa nimesimama, anaishona kwa uzi wa nyavu, ananivalisha tena kama mtoto wa chekechea. Aliolewa na Rahim, fundi wa injini za mitumbwi, wakahamia huku kando ya ziwa. Rahim alipofariki, ndugu walimwambia arudi mjini akae nao. Akawashukuru, akawapikia wali, kisha asubuhi akashuka mwaloni kununua ndoo yake ya kwanza ya dagaa. Ijumaa mchana akienda msikitini, mimi ndiye ninayemfukuzia kunguru. Jumapili mimi sianiki kabisa, nashinda kanisani, na Jumatatu yeye ananipa habari zote za mwaloni zilizonipita, pamoja na zile ambazo mchungaji asingependa nizisikie.

Zamani sote tulianika juu ya mchanga. Dagaa wa mchangani ukimtafuna meno yanalia, ndiyo maana wanunuzi wake ni watu wa chakula cha kuku. Kisha ukaja mradi, wakatujengea vichanja vya miti na nyavu, dagaa wakawa wanakauka juu juu, safi, wa kuliwa na watu. Lakini vichanja havikututosha. Wanaosubiri ni wengi, na sharti ni moja: kichanja usichokitumia, au ukikodisha kwa siri, kinahamia kwa mwingine, nawe unarudi mchangani. Mwanabaraka kwa kichanja chake ameezeka nyumba, na sasa ndicho kinachomlisha. Akikikosa, umri huu, kuanza tena kuchekecha mchanga si jambo dogo.

Mradi huohuo ndio uliotuletea kishikwambi chenye programu ya takwimu. Msichana wa mradi, Queen, akasema kikundi kichague mtu wa kujaza. Wakanitazama mimi. Nikadhani wameona uaminifu wangu, moyo ukajaa. Baadaye nikaja kujua walinichagua kwa sababu nina miwani. Na miwani yenyewe ni ya kusomea nyimbo kanisani, tena nyimbo nyingi nazijua kwa kichwa. Naivaa kwa heshima tu.

Mimi elimu yangu ni ya msingi, ya ubao na chaki, na mwalimu anayekuona ukikosea. Kishikwambi hakikuoni. Kidole changu kilikuwa na magamba ya dagaa, nikigusa kioo hakisikii. Nikikifuta kidole na kugusa tena, kinaruka kwenda ukurasa mwingine kama kuku aliyeshtuliwa. Kila kilipofanya hivyo nilisema samahani.

"Mama, hakikusikii," Queen akaniambia.

"Najua mwanangu. Ni adabu tu."

Alinifundisha kwa subira ambayo Mungu atamlipa. Kila mwanamke ana mstari wake, kila siku ina kisanduku chake. Unapima dagaa waliokauka, unaandika kilo ndani ya kisanduku. Ukigusa neno "wastani", programu inajumlisha na kugawanya yenyewe, kisha inasimamisha nguzo za rangi, kila mtu na yake. Siku ambayo mtu hakuanika, alisema Queen, unaacha kisanduku kitupu, programu inairuka siku hiyo. Hilo nililisikia vizuri kabisa, na nikaitikia "sawa" kwa sauti. Kuitikia sijawahi kushindwa.

Mara ya kwanza niliposimamisha nguzo zile, nilimwonyesha kila aliyekaribia, hadi mchungaji baada ya ibada. Alizitazama kwa makini, akaniuliza ni za kwaya gani.

Sasa Mwanabaraka akasafiri kwenda Magu. Safia alikuwa anajifungua mtoto wa kwanza, na mama akakaa huko mpaka binti akapata nguvu. Mstari wake ukabaki na visanduku vitupu, kimoja baada ya kingine. Nilivitazama, roho ikaniuma. Kishikwambi ni cha watu, tumeazimwa, na mwisho wa mwezi Queen anakuja kukichukua apeleke takwimu ofisini. Mimi nimelelewa na mama wa Kisukuma, na kwake, jirani akituletea mboga kwenye bakuli, hatuwezi kulirudisha bakuli hivihivi. Tutatia nyanya, tutatia karanga, na kama nyumba haina kitu tutatia chumvi kidogo. Nimekula viboko kwa bakuli moja nililolirudisha kavu. Basi nikirudishe kishikwambi cha watu kina mashimo matupu namna ile? Queen angenionaje?

Nikatia moja. Kilo moja tu kila kisanduku, kama chumvi ile ya kwenye bakuli, ambayo hakuna mtu anayeihesabu kuwa ni chakula. Nilidhani na programu itaelewa hivyo.

Nilipoona kazi imependeza, nikaendelea. Kuna siku za mbalamwezi ambapo mitumbwi haiendi kuvua dagaa, mwalo unalala. Hizo nazo nikawatilia wanawake wote, moja moja. Nikatia na Jumapili zangu. Ukurasa ukajaa vizuri, hakuna pengo hata kidogo. Nikamshukuru Mungu kwa kunipa akili.

Ndipo Hellen alipoomba aone nguzo yake, akaona na za wenzake, na ya Mwanabaraka imebaki fupi kama kidole gumba, visandukuni mwake moja moja. Habari ikamfikia mzee Shimba, msimamizi wa mwalo. Yeye ni mtu wa haki, ila haki yake huwa inatembea haraka. Siku ileile ya swali la paka akaita kikao pale kwenye kivuli cha stoo ya nyavu, na Queen akawepo, maana ndiyo siku aliyokuja kuchukua takwimu.

"Mama Safia," mzee Shimba akaanza, "mbona kichanja chako kinatoa kilo moja kwa siku?"

"Mzee, shikamoo kwanza."

"Marahaba."

"Mimi nilikuwa Magu. Kila mtu hapa anajua."

"Ndiyo shida yenyewe. Ungekuwa hupo na kichanja kimelala, kisanduku kingekuwa kitupu. Queen si alitufundisha? Hapa kuna kilo. Kwa hiyo wewe uko Magu, na juu ya kichanja chako kuna mtu anaanika. Umemkodisha nani?"

"Sijamkodisha mtu."

"Kishikwambi hakina shangazi wala mjomba. Kinasema kinachokiona."

Wanawake wawili waliokuwa wakisubiri vichanja wakasogea mbele kidogo. Mwanabaraka akavuta mtandio wake, akautengeneza, akautengeneza tena. Sijawahi kumwona akiutengeneza mara mbili. Na mimi, ndugu zangu, nilikuwa nimekaa mbele kabisa na miwani yangu, naitikia kwa kichwa kila mzee Shimba anapotaja kishikwambi, maana niliona kinasifiwa.

"Naomba nikione," Mwanabaraka akasema.

Nikampa. Hakutazama nguzo. Akafungua ule ukurasa wa visanduku, akaanza kuusogeza taratibu, na kidole chake kilikuwa kinasikilizwa kuliko changu. Akafika mahali akasimama.

"Mama Malimi."

"Abee."

"Hii si Jumapili?"

Nikatazama. "Ni Jumapili."

"Hapa mstari wako unasema ulikausha kilo moja. Na Jumapili hii nyingine, kilo moja. Siku hizi kanisani mnaanika?"

Watu wakaguna. Kwa mkono wangu mwenyewe nilikuwa nimejiandikia kuvunja Jumapili zote za mwezi, na kishikwambi hicho mchungaji anakijua.

"Na hizi hapa," akaendelea bila kupandisha sauti, "ni siku za mbalamwezi. Mwalo mzima umekausha kilo moja, wote sawasawa, hakuna aliyezidi. Dagaa hao waliletwa na mtumbwi gani, mzee Shimba?"

Mzee Shimba akavua kofia, akaitazama ndani. "Mitumbwi haikutoka."

Wote wakanigeukia. Nilimwomba Mungu anifiche, lakini nilikuwa nimejichagulia kiti cha mbele.

"Nilizitia mimi," nikasema.

"Ulitia nini, mama?" Queen akauliza.

"Hizo moja. Nisikirudishe kitupu. Kishikwambi ni cha watu."

Nikaona lazima nieleze, na nikieleza huwa naharibu zaidi. Nikaeleza bakuli, nikaeleza karanga na chumvi, nikaeleza viboko vya mama. Nilipofika kwenye chumvi Hellen alikuwa ameshakaa chini, kanga mdomoni, mabega yanatikisika. Mzee Shimba alijitahidi kukunja uso, ukamshinda.

Queen hakucheka, au alicheka akiwa ametazama ziwa. Akaja kukaa karibu yangu. "Mama, programu haijui hiyo ni adabu. Yenyewe imehesabu ni siku za kazi. Kilo alizokausha mama Safia kwa nguvu zake, imezigawanya hata kwa siku ambazo hakuwepo. Ndiyo maana nguzo imekuwa fupi."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemfupisha?"

"Ndiyo, mama."

Nililia kidogo. Na hapo pia nikajiaibisha, maana nilivua miwani nifute machozi, na Hellen akasema, "Kumbe hata ukiivua unaona."

Tukazifuta pale pale, mimi nikigusa, Queen akiniongoza, mwalo mzima umesimama nyuma yangu wananipumulia kichogoni. Nilianza na Jumapili zangu. Ningeweza kuanza na za Mwanabaraka, ingekuwa vizuri zaidi, lakini mkono ulikwenda wenyewe kwenye wokovu wangu. Kisha za Magu, kisha za mbalamwezi. Kila kisanduku kilipobaki kitupu nilihisi kama nimemfungulia mgeni mlango nikiwa sina hata maji ya kumpa. Queen akasema niguse "wastani".

Nguzo ya Mwanabaraka ikapanda. Ikafika usawa wa ya Hellen, ikaipita kidogo, ikatulia.

"Basi paka ni wa kwangu," Hellen akasema.

Mzee Shimba akavaa kofia yake. Akasema kichanja kinabaki kwa mwenyewe, na kwamba yeye binafsi anaomba radhi kwa neno la kukodisha. Wale wawili waliokuwa wamesogea mbele wakarudi nyuma. Mtu mmoja akapendekeza kishikwambi apewe mwingine. Mzee akauliza nani anakitaka, na watu wote wakakumbuka dagaa wao hawajageuzwa.

Sasa ikabaki Mwanabaraka. Niliandaa maneno ya kumwomba msamaha, nikayapanga vizuri kwa mistari ya Biblia, nikampelekea jioni pamoja na bakuli la karanga. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema ameshasamehe tangu alipoona Jumapili zangu, maana hajacheka hivyo moyoni tangu Rahim afariki, na akaniuliza kama karanga zile zina hesabu.

Wiki iliyofuata alikuwa anakwenda tena Magu, kwenye arobaini ya mjukuu. Alipita kichanjani kwangu asubuhi akiwa na begi begani na baibui ya safari. Nikakitoa kishikwambi kwenye kanga nimwonyeshe kwamba mstari wake uko salama. Alikitazama, akanitazama mimi, akaweka begi chini.

"Mama Malimi," akasema, "nikiwa sipo, visanduku vyangu viache vitupu. Na kuku wangu uwape maji."